Ukurasa wa Mwisho wa Ng'ombe Mwekundu

Uvumi ulimfikia Mama Limi Ijumaa ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi, akiwa anachambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye meza yake sokoni Kalangalala, mirefu kushoto, iliyovunjika kulia. Mteja wake Juliana, ambaye huwa hanunui mpaka amalize habari, alisema kuna binti hapo mjini anakomba maandishi kwenye vitabu. Akigusa ukurasa, herufi zinamfuata kidoleni, karatasi inabaki nyeupe kama sahani iliyooshwa.

"Binti wa nani?" Mama Limi aliuliza.

"Sijui wa nani. Wanasema anaosha dhahabu mwaloni. Jumamosi anakwenda kwenye kile chama cha kusoma, pale kwa Chausiku fundi cherehani. Nipimie sado moja, mama, na usinipunje."

Alimpimia, akamjazia. Lakini uvumi ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haukumsumbua kwa kuwa ni wa ajabu. Kilichomsumbua ni kalenda ya nyumbani. Tangu mwaka mpya, binti yake Limi, wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akirudi kutoka kazini anahesabu siku kwa kidole, na Januari yote ilikuwa imebaki vyumba vitupu, bila tarehe. Mama Limi alikuwa amewalaumu wachapaji.

Kazi ya Limi ilikuwa mwaloni kwa Maige. Mchanga uliosagwa kwenye karasha huletwa pale, unaoshwa, halafu unatiwa zebaki, yale maji ya fedha yanayokamata dhahabu. Limi alikuwa anachanganya kwenye karai kwa mikono yake, anakamua kwa kitambaa, anabaki na kidonge cha kijivu. Kidonge kinachomwa, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Wanawake wote wa pale hufanya hivyo, na wengi hukamua huku wanapiga soga.

Jumamosi saa kumi alasiri Mama Limi alifunga meza, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda kwa Chausiku. Chumba cha nyuma kilikuwa na benchi mbili, cherehani moja iliyofunikwa shuka, na watu saba. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Mihayo, mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Limi. Umekuja kusoma au umekuja kumchungulia mtoto?"

"Vyote."

"Basi kaa. Hapa vyote vinaruhusiwa."

Chama kilikuwa na kitabu kimoja tu. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake wala aliyekiandika. Kilikuwa kinahusu mwanamke aliyepotelewa na ng'ombe wake mwekundu, akafunga safari kwa miguu kumtafuta. Kwa kuwa kitabu ni kimoja, waliwekeana utaratibu: kila mtu anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, anampa wa kushoto. Zamu ya mtu haisomwi na mwingine. Na hakuna kuchungulia mbele. Fundi pikipiki mmoja, Fredy, aliwahi kuchungulia kurasa mbili, wakamtoa nje mwezi mzima.

Zamu ya Limi ilipofika, aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma. Herufi alizokwisha kuzisoma zilinyanyuka moja moja, zikamfuata kidole, zikateremka kiganjani na kujikusanya. Alipomaliza ukurasa alikuwa na kidonge cha kijivu, kikubwa kama punje ya mahindi. Alikikamua kwa leso, kama alivyozoea, akampa Chausiku, naye akakiweka kwenye kopo la vifungo. Humo mlikuwa na vingine vitatu.

"Tulijaribu kuvirudisha," Chausiku alimweleza Mama Limi. "Vinaacha doa tu. Lakini si neno, ukurasa tumeshausikia."

Mama Limi hakuliangalia kopo. Alikuwa anakitazama kile kidole. Kufuatisha kwa kidole alimfundisha yeye mwenyewe, kule kijijini kwao Songwa, mtoto akiwa na miaka mitano, kama yeye alivyofundishwa darasa la kwanza. Darasa la saba ndiko alikoishia, na hakuwa na namna nyingine ya kumfundisha.

Siku ile chama kilipitisha mambo mawili. La kwanza, Mama Limi ameingia. La pili, Limi ataweka mikono magotini, na Mwalimu Mihayo atamshikia kitabu.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo. Februari yote na Machi yote mwanamke wa kitabuni alitembea, akavuka mbuga, akalala kwa watu, akaulizia ng'ombe mwenye alama nyeupe sikioni. Mama Limi alisoma zamu zake polepole, na alipokwama, Chausiku alimwambia, "Vuta pumzi, mayu, ng'ombe hakimbii." Yeye Chausiku wazee wake walitoka Tanga, lakini Kisukuma, kama hilo mayu, yaani mama, alikuwa anakiokota kwa wateja na kukitumia anavyotaka.

Aprili, mvua ikiwa imeshika, Limi alimwambia mama yake kwamba ana mimba ya Adam. Adam alikuwa mchimbaji. Alikuwa amefuata rashi mpya ya dhahabu, machimbo yaliyofumuka huko Chunya, na simu haipokei.

"Basi acha mwalo, mwanangu," Mama Limi alisema.

"Nikiacha nitafanya nini? Michembe yako inatulisha wawili. Huyu wa tatu atakula nini?"

"Atakula na sisi."

"Mama, wenzangu wote wamezalia palepale."

Mama Limi alikwenda mwaloni mwenyewe. Maige alimpokea kwa heshima, akamwamkia, akamfutia kiti vumbi, akaagiza soda. Mama Limi aliomba binti yake apewe glavu. Akaeleza habari ya vidonge vya herufi, bila kuongeza.

Maige alisikiliza mpaka mwisho. "Glavu ninazo, mama," alisema, na kweli zilikuwepo, jozi sita, ndani ya mfuko wa nailoni. "Nazitoa siku wakaguzi wanapokuja. Lakini glavu inanyima mkono. Dhahabu ndogo huioni, unaisikia kwa kidole. Akivaa, nitamweka mwingine kwenye karai."

"Na hizo herufi?"

"Herufi si madini, mama. Hazinihusu. Kunywa soda, inapoa."

Ilikuwa imeshapoa tangu ilipotoka kwenye friji. Aliinywa nusu, akashukuru, akaondoka. Nje, Limi alikuwa amechuchumaa kwenye karai, mikono imezama mpaka viwiko, na kanga yake imefungwa juu ya tumbo.

Julai kitabu kilifikia ukingoni. Walihesabu watu na kurasa, wakaona ukurasa wa mwisho unamwangukia Limi. Walipiga makofi. Ukurasa uliotangulia ulikuwa wa Fredy, aliyekwisha kusamehewa, na uliishia mwanamke akiwa amesimama kando ya mto, ng'ombe wake yuko ng'ambo, anakula majani, amempa mgongo.

Jumamosi hiyo Mwalimu Mihayo alikuwa Shinyanga kwenye msiba. Chausiku alisema atamshikia Limi kitabu, lakini akaja mteja na gauni la harusi lililobana, akatoka mbele kulipima. Limi alikipokea kitabu. Alitaka aupitie ukurasa kwanza kimoyomoyo, asije akajikwaa mbele za watu, akaweka kidole kama alivyozoea tangu utoto. Macho yake yalikuwa mstari wa kwanza. Kidole kilishuka chenyewe mpaka chini.

Mama Limi alikiona kikifika mwisho. "Limi!" aliita.

Ukurasa ulikuwa mweupe. Waliangalia kiganja chake, hakikuwa na kitu. Wakaangalia chini ya benchi, kwenye mikunjo ya kanga yake, ndani ya kopo la vifungo. Safari hii herufi hazikuwa zimejikusanya. Limi alisema amezisikia zikipanda mkononi, zina ubaridi, zikapita kwapani na kushuka tumboni. Mtoto alipiga teke moja, akatulia.

Chausiku alirudi na pini mdomoni, akazitoa. "Haya. Na ng'ombe je?"

Hakuna aliyejua. Kwenye kitabu cha mahudhurio waliandika: Ukurasa wa mwisho umeingia kwa mjumbe Limi. Kikao kimeahirishwa.

Agosti mpaka Oktoba, wakati wa vumbi, walikaa wanabishana. Mwalimu Mihayo alisema mwanamke amevuka, amempata. Fredy alisema amekufa maji. Chausiku alisema ng'ombe huyo ameshachinjwa zamani, yule wa ng'ambo ni mwingine anayefanana naye.

"Chausiku, una roho ngumu," Mwalimu alisema.

"Nashona sare za shule, Mwalimu. Kila mzazi anadai iliyopotea ndiyo hii. Nawajua."

Kutafuta nakala nyingine hawakuweza. Ungeingia duka la vitabu uombe kipi, wakati hukijui jina?

Mama Limi hakubishana nao. Alikuwa anaangalia mikono ya Limi, ambayo sasa ilikuwa inatetemeka hata anaposhika kikombe.

Mtoto alizaliwa tarehe tatu Novemba, wa kike. Muuguzi alimpima, akaandika kwenye kadi: kilo mbili na nusu, amelia kidogo, ana maandishi mgongoni. Akamwambia Mama Limi maandishi yenyewe ni madogo sana, wangeyaweka makubwa kidogo ingesaidia.

Mama Limi alimgeuza mjukuu wake. Mistari ilianzia chini ya shingo na kuishia kiunoni, imenyooka, myeusi kama ya kitabuni. Alisoma maneno mawili, "Mwanamke akavuta", halafu akakumbuka utaratibu, akamfunika upesi. Haikuwa zamu yake.

Walimwita Lusia. Kwa siku arobaini Mama Limi alimwogesha mtoto akitazama ukutani. Alimsugua mgongo kwa kuupapasa, akampaka mafuta kwa kuupapasa, na Juliana alipokuja kumwona mzazi na kutaka kufunua shuka, Mama Limi alimpiga kofi mkononi. "Unataka kutolewa mwezi mzima?"

Lakini kitu kingine alikuwa anakiona, na hicho hakikuwa na utaratibu wa kukifunika. Sufuria ilianguka, Lusia hakushtuka. Jogoo aliwika dirishani, Lusia hakugeuka. Alikuwa anatazama dari kwa upole mwingi, vidole vinatetemeka kama vya mama yake.

Kikao cha Desemba kilifanyika nyumbani kwa Mama Limi. Walikuja wote, Chausiku na gauni dogo la maua, Mwalimu na miwani yenye uzi mpya. Limi alimlaza Lusia kifudifudi mapajani. Kabla hajaanza kusoma, Mama Limi alimwinamia.

"Weka kidole," alimnong'oneza.

"Mama, zitafutika."

"Ndicho ninachotaka. Zikufuate wewe, zimtoke yeye. Ng'ombe na aende zake."

Mwalimu Mihayo, aliyengoja mwisho huo miezi mitano, alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali. "Weka, binti yangu," alisema.

Limi aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma huku anakivuta. Herufi hazikusogea. Alirudia mstari, akabonyeza kidogo. Zilikuwa zimeshika, kama alama ya kuzaliwa. Mama Limi alijaribu kwa kidole chake, halafu kwa leso yenye mate. Kisha akasema, "Basi. Soma."

Limi alisoma. Mwanamke akavuta pumzi, akamwita ng'ombe wake kwa jina, ng'ombe akaendelea kula. Akamwita mara ya pili, upepo ukaichukua sauti. Akamwita mara ya tatu, na ng'ombe mwekundu akainua kichwa, akamtazama, akaingia majini kuja kwake. Ndio ulikuwa mwisho.

"Nilisema mimi," Mwalimu Mihayo alisema, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Chausiku alimchukua mtoto, akamgeuza uso. "Lusia," aliita. Akaita tena, na mara ya tatu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Lusia alitazama dari.

"Nipe," Mama Limi alisema. Akamweka begani, mdomo ukigusa sikio, akaita mara ya nne.

Januari Limi alirudi mwaloni. Maige alikuwa amemletea mtoto kanga, tena doti nzima, na karai lake alikuwa hajampa mtu. Wakaguzi walikuja mwezi huohuo, wakakuta glavu jozi sita zimeanikwa kwenye uzio, wakaandika vizuri, wakaondoka. Lusia hushinda sokoni, kwenye boksi chini ya meza ya michembe. Chama kimepata kitabu kingine, nacho hakina jalada. Kila Jumamosi, kabla ya kukifungua, wanamsoma Lusia kwanza, kwa sauti ya juu, kila mtu kwa zamu yake.

Mlangoni kwa Chausiku pamebandikwa karatasi, mwandiko ni wa Mama Limi, herufi kubwa:

Usishike zebaki kwa mkono mtupu, hata kama wenzako wote wanashika.

Usishike kabisa kama una mimba, au kama hujui kama unayo.

Usikamulie kwenye leso utakayojifutia mdomo.

Usichome dhahabu kwenye jiko la kupikia, wala chumba anacholala mtoto.

Usifue nguo za mwaloni beseni moja na nepi.

Usihesabu glavu siku ya ukaguzi. Hesabu kesho yake.

Usimfundishe mtoto kufuatisha kwa kidole. Mpe kijiti.

Usimsome Lusia kama si zamu yako.

Usimwite mara tatu ukaacha.