Spiriti Ndani ya Fuwele

Profesa Esterhuizen alikuwa ameshaamua: kama namba za fuwele za mwanafunzi wake Zimkhitha hazitalingana ifikapo Ijumaa, utafiti wake wa miaka miwili atapewa mwanafunzi mwenzake, Deon. Kosa lake eti uchafu. Sampuli yake ya kwanza ilipimwa kiasi cha kaboni na hidrojeni, namba zikakataa kuoana na fomula, na Profesa akamtangazia mbele ya maabara nzima kwamba hajui kuosha wala kukausha. Mimi, ninayeendesha mashine ya eksirei, ile inayoonyesha molekuli zilivyopangwa ndani ya fuwele, hapa Cape Town mwaka wa kumi na tisa sasa, niliitikia kwa kichwa. Nikamwambia mtoto wa watu akaushe zaidi.

Akakausha kwelikweli. Fuwele zake zenye shaba, za buluu inayong'aa, zikawa unga uliofifia, na kila kipimo kikaja na namba mpya. Unga mashine yangu haiutaki. Inataka fuwele nzima.

Alhamisi alikuja na chupa ya mwisho, macho mekundu. Nilichomoa fuwele moja, nikaiweka kavu chini ya hadubini, nikageuka kuchovya biskuti kwenye kahawa. Kurudi, imefifia na kupasuka.

"Mama Bulelwa, biskuti yako imeiponza," akasema.

Nilicheka, kisha nikaitazama tena. Kumbe kulikuwa na kitu kinachoitoroka. Ya pili niliitoa kwenye chupa nikaitumbukiza papo hapo kwenye tone la mafuta, nikaikimbiza kwenye hewa baridi ya mashine. Haikufifia.

Jioni picha ikatoka. Molekuli zenye shaba zilikuwa zimepangana zikiacha mapengo, na katika kila pengo molekuli mbili za spiriti, ileile Zimkhitha aliyotumia kukuzia fuwele, zimeshikilia kuta. Ukikausha, spiriti inatoka, nyumba inaanguka.

Ijumaa Profesa alipiga hesabu upya akiiongeza spiriti kwenye fomula. Sampuli ya kwanza kabisa, ile aliyoiita chafu, ililingana hadi desimali ya mwisho. Akamwita Zimkhitha mlangoni, akamnong'oneza kwamba vizuri, aendelee na utafiti wake.

Zimkhitha hakuondoka. "Profesa, uchafu ulinitangazia mbele ya watu. Usafi unaninong'oneza mlangoni?"

Mzee akawa mwekundu mpaka masikio. Kisha akawaita wote, Deon akiwamo, akasema alikosea. Alipomaliza nilisimama kando yake, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu la kuungama.