Usinga wa Mtukufu Ngurumbe

Tarehe kumi ya Mwezi wa Malisho, asubuhi ya ukungu mwepesi na jua lililokuwa likisitasita, watu wa Usingani walijaa uwanjani kumtazama Mtukufu Ngurumbe akinywa maziwa. Katika nchi hiyo ya vilima vya kijani na ng'ombe wengi kuliko watu, mtawala alihesabiwa halali iwapo maziwa ya ng'ombe wa taifa, yaliyokamuliwa mbele ya wote, yalitoka meupe. Nzi alikuwa adui wa dola. Aliyemfuga alivushwa mto, asirudi tena. Mtukufu mwenyewe hakuruhusiwa kuinua mkono kumfukuza, maana huko ni kujishusha. Na dawa ya ugonjwa wa viwele aliiuza yeye peke yake, ingawa ugonjwa ulikwisha kuizoea kama mtoto mtundu anavyozoea makaripio.

Nyuma ya kiti alisimama Shekuwe, mshika usinga, ambaye kazi yake ilikuwa kumfukuzia Mtukufu nzi. Mbele yao, mikono imefungwa kamba, aliketi mke wa Shekuwe, Mashavu, aliyekamatwa akiwa na chungu cha funza wa nzi. Kwa majimaji ya funza hao, aliyoyachemsha na kuyachuja, alikuwa amewaponya ng'ombe wa majirani.

Siku chache kabla ya hapo, ng'ombe wa taifa alipovimba kiwele na kutoa mabonge yenye damu, Mtukufu alimwita Shekuwe faraghani. "Mkeo amtibu. Ng'ombe akipona, namwachia mkeo." Shekuwe aliamini, akamshukuru Mungu, na Mashavu akamtibu ng'ombe.

Sasa maziwa yalitoka meupe, yenye povu. Umati ukashangilia. Mtukufu akanywa.

"Mmeiona dawa yangu!" alisema. "Na huyu mfuga nzi avushwe mto."

"Mtukufu, uliniahidi," Shekuwe alinong'ona.

"Nani alisikia?"

"Mungu alisikia."

"Basi mwite aje ashuhudie."

Mashavu akamgeukia mumewe, akacheka kwa uchungu. "Baba Salma, si nilikwambia umtake aseme mbele za watu?"

Hapo nzi mmoja akatua kwenye mdomo wa Mtukufu, penye maziwa. Akafuata mwingine. Umati ukanyoosha shingo kutazama.

"Fukuza!" Mtukufu alisema, midomo ikifunguka kidogo tu.

Shekuwe alifumba macho, akaomba kimoyomoyo. Kisha akauweka usinga chini, akapaza sauti iliyofika hadi mwisho wa uwanja:

"Naahidi mbele yenu nyote: mpaka Mashavu afunguliwe, mkono huu hautamfukuza nzi, popote atakapotua!"