Lugha Iliyobaki

Seremala alimwoa mkewe kwa mapenzi, na ndugu zake hawakuchoka kumkumbusha kwamba ameoa "wale watu". Wale watu walikuwa wachache mjini, na lafudhi yao ilikuwa kichekesho cha kila kijiwe. Ndiyo maana binti yao alipoanza kusema, mke mwenyewe alikata shauri kwamba mtoto asifundishwe lugha ya mama. "Mimi walivyonicheka inatosha," alisema.

Mke alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare. Alipogundulika ana presha, alipewa vidonge vya kila asubuhi, navyo vikawa vinampeleka msalani kila saa. Msimamizi akawa anamsema mbele ya wenzake kwamba kabila lake lina uvivu wa kuzaliwa nao. Basi akabaki kuvimeza siku za mapumziko tu. Kliniki muuguzi alimgombeza kwamba ni mkaidi. Naye, kwa kuchelea kuchekwa akijieleza, aliinamisha kichwa. Seremala aliyajua yote hayo. Alimsihi mara mbili tatu, kisha akanyamaza, maana kile kiwanda ndicho kilichokuwa kikiwalisha.

Kiharusi kilimkuta kwenye cherehani. Wenzake walidhani amesinzia.

Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umepooza, na maneno yaliyomtoka yalikuwa ya utotoni tu. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo: lugha aliyojifunza baadaye imempotea, ya kwanza imebaki. Nyumbani mgonjwa alizungumza, tena sana, na mume na binti wakawa wanamkodolea macho.

Seremala akamtafuta mama mmoja muuza mitumba, wa kabila la mkewe, akamwomba aje. Wanawake wale wawili walizungumza hadi chai ikapoa, na mgonjwa akacheka kwa nusu ya uso.

"Anasemaje, dada?" aliuliza seremala.

"Anauliza kwa nini mnampigia kelele. Anasema hajawa kiziwi."

Tangu hapo binti akawa anapitia kwa muuza mitumba akitoka shule, ili afundishwe. Baba naye aliokotaokota maneno: chai, mto, inauma.

Mchana mmoja, binti akiwa shuleni, mkewe alimshika mkono akatamka neno moja. Seremala alifurahi kwamba safari hii ameelewa bila mkalimani: maji. Akaenda jikoni kuyaleta. Aliporudi na kikombe, mkewe alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi alimpelekea muuza mitumba lile neno. Mama yule alimtaka alirudie, naye akalirudia.

"Ukiishusha sauti ni maji, shemeji," alisema. "Ukiipandisha, ni usiende."

Seremala hakukumbuka sauti ilikwendaje. Hata leo, akipiga randa karakanani, hulitamka neno lile kwa kupandisha, akalitamka kwa kushusha, na kila mara sauti anayoisikia ni yake mwenyewe.