Ombi Lisilo na Namba

Kanuni ya ofisi yetu ni hii: kompyuta ikiharibika, unatuma ombi la msaada kwa kompyuta hiyohiyo. Ombi likipata namba, napanda ngazi. Lisipopata, sipandi.

Nilimaliza chuo mwaka jana, nikaingia kazini kama fundi wa kompyuta, nikiamini nitawarahisishia watu maisha. Nikapewa chumba cha chini kisicho na dirisha, simu moja, na mitambo inayovuma kutwa. Watu wengi wa ghorofa zote nne walinijua kwa sauti tu.

"Kompyuta imegoma," bwana wa idara ya ununuzi alinipigia siku moja.

"Umeiwasha, mzee?"

"Sasa nikiiwasha mwenyewe, wewe unalipwa kwa kazi gani?"

Nikacheka. Alikuwa ameshakata simu.

Kisha Jumatatu moja tarishi akapenyeza karatasi chini ya mlango. "Mwanangu fundi, kompyuta yangu imezima kabisa, hilo ombi nitalitumaje? Umekula lakini? Ni mimi, mama wa masijala."

Nilikaa nayo mkononi. Tangu niajiriwe, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Ningeweza kumjazia ombi mwenyewe kwa dakika moja, nikapanda. Badala yake niliandika nyuma ya karatasi: "Nimekula, mama. Utaratibu unashughulikiwa."

Kesho yake ikaja nyingine. "Huo utaratibu ni mtu au ni jini? Mbona hauonekani? Mkuu amenifokea leo. Una ndugu hapa mjini?" Nikamjibu kwamba sina, dada yangu yuko mbali na ana watoto wadogo. Akaniandikia kwamba wanawe nao wako mbali, na kwamba jioni huwasha redio ili nyumba isinyamaze. Kila siku nilijiambia kesho nitapanda. Kila kesho niliona barua moja zaidi haimdhuru mtu.

Siku ya tisa ilikuja fupi: "Mwanangu, nisaidie."

Nilipanda mbio. Nilimkuta amezungukwa na mafaili, ananakili kwa mkono orodha ya wastaafu ambayo mkuu aliitaka jioni ileile. Kidole gumba alikuwa amekifunga kitambaa. Nikafungua kompyuta yake, nikabadilisha kifaa cha umeme. Dakika sita, ikawaka.

"Kumbe ni kidogo hivi!" alisema. "Na hao wakubwa na utaratibu wao wakanizungusha siku zote hizi?"

Ningeweza kuitikia tu, mambo yakaisha.

"Si wao, mama. Ni mimi. Nilipenda barua zako."

Alinitazama. Akafumba na kufumbua vidole vya mkono wa kulia, taratibu, kama anayevihesabu.

"Siku tisa," akasema. "Si ungepanda tu tukaongea?"

Kusema kweli, jambo hilo halikuwa limenijia hata mara moja.

"Nisamehe, mama."

"Haya. Asante, fundi."

Akavuta kiti, akaanza kuchapa orodha kutoka jina la kwanza, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Nilisimama mlangoni na bisibisi yangu.

"Nikusomee majina?"

Akasukuma faili upande wangu wa meza.

"Soma polepole."

Nikasoma majina mia moja na kumi na mawili. Hakuniuliza kama nimekula.