Mfasiri wa Kikao cha Mwisho

Mimi ni Wanyonyi mwana wa Sitati, mwana wa Khaemba. Khaemba alitoka Kimilili akiwa na blanketi moja na jina safi, akalisha moto wa garimoshi miaka ishirini na sita bila kuchelewa zamu hata mara moja. Sitati alikuwa nyapara katika kiwanda hapa Nakuru na mzee wa kanisa. Hakuna siku aliyoitwa kwa chifu kujibu shtaka. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba aibu ninayoisimulia sikuirithi. Niliianzisha mwenyewe.

Sisi wa landi za reli, zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi, tumechanganyika tangu zamani: Wabukusu, Waluo, Wakikuyu, Wakipsigis, Waturkana, na siku hizi familia za Wakongo waliopanga vyumba vya nyuma. Mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, majirani waliumizana. Binti yangu Nangila aliuawa Januari ile, saa kumi alasiri, karibu na lango la kiwanda. Mwanawe wa miezi minne, Shantel, alipatikana chini ya mkokoteni, amefunikwa leso ya mamaye. Nikamlea.

Utulivu uliporejea tulianzisha kikao cha mashairi na hadithi katika ukumbi wa landi, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Sharti lilikuwa moja, nami ndiye niliyeliweka: kila asomaye kwa lugha ya kwao husimama na jirani wa kabila jingine anayemfasiria kwa Kiswahili. Jirani yangu Kipngeno, fundi wa visima vya mvuke kule Olkaria, alijifunza Kibukusu changu, nami nikajifunza Kikipsigis chake. Bidii yake ilinishangaza. Alikuja na daftari, akiuliza, "Mwalimu, kwenu mtu akiomba kufunguliwa mlango husemaje? Na akiwa amebeba mtoto?" Nilidhani ni kupenda elimu.

Miaka kumi na saba ikapita. Wafasiri wengine tumewazika, wengine wamerudi mashambani. Mwaka huo Kipngeno alipigwa na kiharusi, ulimi ukalala. Tukabaki watatu wa kuamua: mimi, Jepleting mkewe Kipngeno, na Wachuka mtunza ufunguo wa ukumbi.

"Wazee, tusidanganyane," Wachuka alisema. "Kikao cha Juni kisipopata mfasiri kijana, narudisha ufunguo kwa wenyewe. Nimechoka kupangusa viti visivyokaliwa."

"Shantel atamfasiria Jepleting," nikasema.

Sikuwa nimemuuliza Shantel. Wala hakujua lugha yoyote ya mababu, kwa sababu nilimkataza. Shuleni nilikuwa mwalimu wa kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama. Nyumbani sikuhitaji kibao, jicho lilitosha. Nilitaka Kiingereza chake kimfikishe mbali. Sasa nikataka ajue Kikipsigis kwa miezi miwili.

"Babu, hii haiwezekani," alisema. "Hiyo Kikale ya Wakipsigis ni ngumu. Si mtafute mtu wa huko kwao?"

"Sharti ni jirani, si mtu wa kwao. Usiniaibishe mbele ya wazee."

"Sawa," akajibu, bila kuniangalia.

Jumamosi ile walikuja watu kama arobaini. Vijana walijaa nyuma na simu zao, maana Bethwel, mwendesha kikao, aliwaahidi muziki baadaye.

"Niaje watu wa landi!" Bethwel akapaza sauti. "Leo mathe Jepleting ako kwa steji, na mfasiri ni Shantel wetu. Msikae kimya kama mko matangani!"

Kwa kawaida Jepleting alisoma shairi la ng'ombe waliosubiri mvua. Siku hiyo hakushika karatasi. Alimtazama mumewe, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya ukuta. Kipngeno akainua ule mkono wake mzima. Jepleting akaanza, na kwa ubeti wa kwanza tu nikajua kwamba hapakuwa na ng'ombe. Yalikuwa maneno ya Kipngeno, aliyomfunza mkewe kabla ulimi haujalala.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango wangu," Jepleting alisema kwa Kikipsigis, macho kwa mumewe, bila kumsikiliza mfasiri.

Shantel akafasiri kwa sauti nzuri: "Ng'ombe wangu wamesimama, wanatazama mawingu."

"Mwanamke aligonga mara tatu. Sauti niliijua, maneno sikuyajua. Hofu ilikuwa imemnyang'anya Kiswahili. Nikaogopa ni mtego."

"Ewe mvua, unakuja lini? Ndama analia."

"Mooo!" mmoja akalia huko nyuma. Ukumbi ukacheka.

"Nilishika komeo kwa mikono miwili mpaka nyayo zikaondoka. Nimejifunza lugha yake ili nijue alichosema. Mwalimu, alisema hivi: usinifungulie mimi, mpokee mtoto."

"Na mvua ikanyesha," Shantel akamaliza, "ng'ombe wakanywa wakashiba."

Makofi. Vigelegele. Wachuka alininyanyulia ufunguo kutoka kiti chake, uso umemng'aa. "Mwalimu, kikao kimepona!"

Shantel akashuka akitabasamu. "Babu, si nimeweza?"

"Umefasiri nini?"

"Ile ya ng'ombe. Niliikariri yote kwa lile daftari lako la tafsiri. Si yeye husoma hiyo tu?"

Ningeweza kunyamaza, na kikao kingeishi. Lakini Kipngeno alikuwa akinitazama, machozi yakimteremka upande mmoja wa uso. Miaka kumi na saba alingoja neno hili lisemwe mbele ya majirani, na majirani walikuwa wamelijibu kwa mlio wa ng'ombe. Nikapanda jukwaani, nikasimama kando ya Jepleting kama sharti linavyotaka, nikafasiri mstari kwa mstari. Nilipofika kwa mtoto, sauti yangu ya darasani ilinitupa.

"Mtoto gani?" Shantel akauliza kutoka chini. "Babu, mtoto gani?"

"Wewe."

Akasogea mpaka ukingo wa jukwaa, akasema, "Mama alisema aje? Kwa lugha yake. Nataka kuisikia."

Nikayasema kwa Kibukusu, maneno machache, kama binti yangu angeyatamka. Shantel alinitazama akingoja. Hakuelewa hata moja. Ikabidi nimfasirie mtoto maneno ya mwisho ya mama yake.

"Kumbe nilisimama pale juu nikiongea mambo ya ng'ombe," alisema, "watu wanacheka, na ni mama yangu anagonga. Na ni wewe ulinipeleka, Babu. Nilikuambia siwezi."

Akatoka kwa mlango wa kando. Muziki haukupigwa. Nilipompitia Kipngeno alininyooshea mkono, nami sikuupokea. Nilikuwa bado natafuta wa kulaumu mbali na nafsi yangu. Alifariki mwezi wa Agosti, na mkono ule sijaushika.

Wachuka alirudisha ufunguo Jumatatu iliyofuata. Siku hizi ukumbi ni stoo ya kreti za soda. Shantel yuko Naivasha, mashamba ya maua. Nikipiga simu inaita mpaka inakatika. Jepleting na mimi husalimiana uani kwa Kiswahili, tukapitana.

Enyi vijana wa landi, nanyi mliokwisha kuhamia Milimani na kwingineko, sina faraja ya kuwapa. Kikao hakitarudi, na waliojua kufasiri tumebaki wawili. Nendeni leo, si kesho, kwa nyanya zenu walio hai, kisha kwa nyanya wa jirani zenu. Kaeni chini. Ulizeni jinsi mtu wa kwao anavyoomba kufunguliwa mlango, na msiondoke mpaka mmeyatamka maneno hayo sawasawa. Siwaombi. Nawaagiza kama mwalimu wenu aliyekosea: sikieni.