Wenye Korongo Hawalalamiki

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka chini, na manyunyu yalikuja na kukatika, kama mgeni aliyesimama mlangoni asijue aingie au arudi. Mama Pacha hakufungua duka lake la dobi. Alimvika mama yake sweta, akamfunga mtandio kichwani, kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mungu wangu, leo nakwenda kutazama gari. Kama kuna kitu wananificha, kitoe nje nikione kwa macho yangu mwenyewe. Amina."

"Amina," mama yake akaitikia. "Na liwe na kiti laini."

Gari halikuwa la kujionyesha. Mama yake alikuwa anasafishwa damu kila Jumanne na kila Ijumaa, na hospitali ilikuwa juu ya mlima mrefu nje ya mji. Dereva wa teksi aliyezoea kuwapeleka alikuwa amehamia mji mwingine. Jumanne iliyopita walipata gari la kuungaunga, likawaharibikia njiani, wakafika muda wao umepita na mashine ina mtu mwingine. Muuguzi aliwahurumia, akawatafutia nafasi jioni, lakini aliwaambia wazi kwamba wakichelewa tena nafasi yao itapewa mgonjwa anayefika. Ijumaa iliyofuata waliwahi kwa lifti ya kubahatisha tu. Mama Pacha hakulala vizuri tangu Jumanne ile. Kila akifumba macho alimwona mama yake amekaa kando ya barabara, miguu imevimba, anatazama magari yanavyopita.

Ndipo Shemeji alipomletea habari za Korongo. Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa vioo vya madirisha, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Korongo lilikuwa gari la Kijapani ambalo kila mtu aliliita hivyo kwa sababu ya ndege wa chuma aliyebandikwa mbele ya boneti. Shemeji mwenyewe alikuwa nalo, na wenye magari hayo walikuwa na umoja wao, wakikutana kila Jumamosi. Mmoja wao alikuwa amehama nchi, akamwachia Mwenyekiti wa umoja gari lake aliuze.

"Shem, usiniamini mimi," Shemeji alisema. "Njoo uwasikie wenyewe. Waulize mmoja mmoja."

Basi wakaenda. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya udereva, ambako Mwenyekiti alikuwa amefundisha watu kuendesha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nyumba yake ilikuwa pale pale, nyuma ya uwanja. Makorongo yalikuwa yamepangwa safu, mengine mekundu, mengine ya rangi ya majivu, yote yamesuguliwa mpaka yanang'aa chini ya manyunyu. Lile la kuuzwa lilikuwa la kijani iliyokolea. Mama yake Mama Pacha alifunguliwa mlango, akakaa kiti cha nyuma, akajisukasuka kidogo.

"Mwanangu, hiki si kiti, ni mto," akasema. "Mimi sishuki."

Mama Pacha alicheka, kisha akaanza kuuliza watu kama alivyoambiwa. Alianza na kinyozi.

"Ukishashika Korongo, dada yangu, hutaki lingine," kinyozi akasema.

"Na kasoro yake?"

"Kasoro yake ni kwamba ndugu hawataacha kuja kuliazima."

Watu wakacheka. Akamgeukia mkunga mstaafu, mama mnene mwenye miwani, ambaye alikuwa anafuta kioo cha gari lake kwa kanga.

"Hata mimi, tangu nilinunue sijajuta," mkunga akasema. "Utazeeka wewe, lenyewe bado."

"Halijawahi kukusumbua? Hata siku moja?"

"Mwanangu, ukishashika Korongo hutaki lingine."

Mwalimu wa hesabu naye akasema hajajuta tangu alinunue. Mwenye gari jekundu akasema ukishashika Korongo hutaki lingine. Walisema kwa uchangamfu, wanatabasamu, lakini walikuwa kama kwaya iliyofanya mazoezi ya wimbo mmoja. Machale yakaanza kumcheza Mama Pacha. Hata mke mwenye mume mwema kuliko wote atakwambia kwamba bwana huyo anakoroma. Hawa watu wote, na magari yaliyotengenezwa kabla ya watoto wake kuzaliwa, hakuna mwenye hata neno moja la kulalamika?

Katika kazi yake alikuwa na mazoea. Mteja anayesema "hii haina doa" kabla hajaulizwa, nguo yake aliigeuza ndani nje mara mbili, tena mbele ya mwenyewe. Akaanza kuligeuza lile kundi ndani nje kwa macho.

Aliona kwamba kila buti lililokuwa wazi lilikuwa na dumu la maji, na si dumu dogo. Aliona kwamba magari yote, bila kubaki hata moja, yalikuwa yameegeshwa pua zikitazama mteremko, ingawa kuyaegesha vile kulifanya watu washukie kwenye tope.

"Kwa nini wote mmetazama chini?" akamuuliza kinyozi.

"Mazoea tu."

"Na maji?"

"Ya kunawa mikono tu, dada."

"Lita ishirini za kunawa mikono?"

Kinyozi akakumbuka kwamba kuna mtu anamwita.

Wakati huo Mwenyekiti alipiga makofi, watu wakasogea. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa kofia ya sufu, na kila alipokuja mgeni ilikuwa desturi yake kusimulia historia ya gari. Alisimama mbele ya lile la kijani, akaweka mkono juu ya ndege wa chuma kama mtu anayembariki mtoto.

"Walikuwa ndugu wawili," akaanza. "Mafundi wa pampu za kumwagilia mpunga. Vita vilipokwisha nchini mwao chuma kilikuwa adimu, watu hawana usafiri. Wale ndugu wakachukua injini ya pampu, wakaiweka kwenye kigari cha magurudumu matatu, cha kubebea mboga kupeleka sokoni. Watu wakawacheka. Mwaka wa pili waliocheka wakawa wanapanga foleni kununua!"

"Enhe!" watu wakaitikia.

"Yakaja magurudumu manne. Ndugu mdogo akasema, tuliwekee korongo mbele, kwa sababu ndege huyu husimama kwenye mashamba yetu kwa mguu mmoja na haanguki. Likaingia mashindano, likashinda. Likapelekwa nje, likasifiwa. Likafika mpaka kwetu, madaktari wakaliendesha, mapadri na masheikhe wakaliendesha. Hilo ndilo Korongo!"

Wakapiga makofi. Hata Mama Pacha alipiga, maana mzee alijua kusimulia. Lakini alikuwa bado anasubiri.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu nini, binti yangu?"

"Ndugu wale walikufa, najua, wote tutakufa. Kiwanda je? Sasa hivi kinatengeneza nini?"

Mwenyekiti aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kiwanda kiko Japani."

"Najua kiko Japani. Nauliza kinafanya nini."

"Jamani, chai isipoe," Mwenyekiti akasema, na watu wakaenda kwenye meza ya chai kwa haraka ambayo haikuwa ya kiu.

Mama Pacha alimshika Shemeji mkono kabla hajaponyoka.

"Shemeji, nitazame machoni. Unaniuzia mbuzi kwenye gunia?"

"Shem! Mimi? Mke wa kaka yangu?"

"Ndiyo maana nauliza. Nitazame."

Shemeji alimtazama sikio, akamtazama kidevu, mwishoni akatazama chini. "Gari zuri, Shem. Haki ya Mungu, nalipenda."

"Sijakuuliza kama unalipenda."

Mama Pacha alitaka sana watu hawa wawe wakweli, maana Jumanne ilikuwa inakuja na hakuwa na njia nyingine. Alijua pia kwamba mtu mwenye shida kama yake ndiye anayedanganyika upesi kuliko wote. Akasali kimya, maneno machache tu, kisha akaenda mpaka kwenye meza ya chai na kusimama mbele yao.

"Wazee wangu, ndugu zangu," akasema. "Mmeliimbia gari hili nimesikia. Sasa nina swali moja. Mama yangu yule pale. Jumanne saa tano, jua limechachamaa, anatakiwa apande mlima wa hospitali. Akichelewa, mashine anapewa mwingine. Nani hapa angempandisha mama yake mzazi mlima ule kwa Korongo? Anyooshe mkono."

Mwalimu wa hesabu alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Kinyozi aliinua mkono mpaka usawa wa bega, akabadili mawazo, akajikuna nao sikio.

"Mbona kimya?" Mama Pacha akasema. "Mwenyekiti, Shemeji aliniambia mkeo huhudhuria kliniki ya macho kule kule juu. Huwa anapandaje?"

"Anapanda kwa gari," Mwenyekiti akasema.

"Gari gani?"

Mzee akafungua mdomo. Lakini mkewe, aliyekuwa ameshika birika, aliliweka mezani kwa kishindo.

"Mwambie, mume wangu. Au nimwambie mimi? Ananipeleka na lile jeupe."

"Jeupe lipi?" mkunga akauliza.

"Liko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. La kampuni nyingine."

Ilikuwa kama mtu ametupa jiwe kwenye kundi la kuku.

"Mwenyekiti!" kinyozi akapaza sauti. "Una jingine? Wewe uliyenizuia kununua pikipiki, ukasema nitawaumiza moyo wenzangu?"

"Chini ya turubai!" mkunga akasema, na hakuna aliyejua kama anacheka au anakasirika. "Mwaka mzima namwuliza ni nini kile, ananiambia ni tangi la maji!"

Mwenyekiti akainua mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Basi. Inatosha. Binti yangu, kaa nikwambie." Mama Pacha hakukaa. "Kiwanda hakipo. Wajukuu wa wale ndugu walikiuza, walionunua wakakifunga. Vipuri havitengenezwi tena popote. Tunavyopata vinafunguliwa kwenye magari mabovu huko huko Japani, na muuza vipuri wetu anatuletea kontena pale tu tunapokuwa wengi wa kutosha. Tukipungua, haleti. Ameshatuambia. Tangu hapo tukakubaliana hapa hapa uwanjani, mtu wa nje akija kuuliza, hakuna kulisema vibaya."

"Na mlima?"

"Safari fupi za mjini, sijaona gari la kulishinda. Hilo si uongo. Mlima mrefu linachemsha. Inabidi usimame katikati, ufungue boneti, usubiri lipoe, uliongeze maji. Siku nyingine likizima moto, kuwaka tena ni mpaka litake lenyewe, au uliserereshe kwenye mteremko."

"Usubiri mpaka lini?"

"Inategemea na jua."

Mama Pacha alimgeukia Shemeji. "Ulijua."

"Nilijua, Shem." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisema nitakufundisha kulipumzisha. Nilisema ukilinunua, na magari yetu yatapona, kontena litakuja. Nilijidanganya kwamba nakusaidia."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kujaza idadi. Na mama yangu."

Mama Pacha alikuwa ameomba lililofichwa litolewe nje, na sasa lilikuwa nje mbele yake, wala halikumfurahisha hata kidogo. Alitamani kupiga kelele. Badala yake akasema kwa utaratibu, "Silinunui."

Kioo cha gari la kijani kilikuwa wazi nusu. Mama yake alikuwa amesikia yote.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema kutoka ndani. "Jumanne nitakwenda na nini?"

Mkunga alivua miwani, akaipangusa. Mke wa Mwenyekiti alimtazama tu mumewe, na aliendelea kumtazama.

"Nitampeleka mimi," Mwenyekiti akasema hatimaye. "Kwa lile jeupe."

"Mzee wangu," Mama Pacha akasema, "leo nimesikia maneno yako, na yote yalikuwa matamu. Sikatai wema wako, ila siwezi kuondoka na ahadi ya kunong'onezwa kando ya birika la chai. Yaseme mbele ya wote, kwa sauti, kila mmoja hapa awe shahidi."

"Na mimi niteremshieni kioo chote," mama yake akasema. "Sikio hili la upande huu halisikii vizuri."

Shemeji alikimbia kwenda kuteremsha kioo. Wenye Korongo waliacha vikombe vyao, wakaja kusimama kulizunguka gari la kijani. Mwenyekiti alivua kofia, manyunyu yakamwangukia kwenye upara, naye akapaza sauti ile aliyofundishia madereva:

"Mimi, mbele ya Mungu, mbele ya mke wangu na mbele yenu wote, naahidi kwamba kila Jumanne na kila Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, gari langu jeupe litakuwa mlangoni kwa mama huyu, na mimi nyuma ya usukani, mpaka siku binti yake atakapopata gari ambalo ameelezwa kasoro zake zote. Nikikosa hata siku moja, mniite hapa hapa uwanjani mniulize, na yeye awepo anisikie nikijibu."