Uso wa Kwenye Pakiti

Jina la Mama Pakiti lilitokana na uso wake. Marehemu mumewe akiwa hai, ushirika wa wakulima ulimpiga mama huyu picha anacheka kando ya meza ya kuanikia buni, ukaibandika kwenye kila pakiti ya kahawa iendayo ng'ambo. Chini yake wakaandika: ukinunua kahawa hii, unamnufaisha mkulima huyu. Unamnufaisha! Mume alipofariki, uanachama ulikwenda kwa shemeji yake, mtu asiyejua hata mkahawa unapogolewa lini. Ndiyo sheria, wakasema, kiti ni cha mwanamume. Yeye wakamwachia kapu la kuchumia.

Sasa mnunuzi kutoka ng'ambo kaja na kamera, pakiti ya kahawa mkononi, anataka picha mpya. Mwenyekiti wa ushirika akamleta mpaka mezani, Mama Pakiti alipokuwa akichambua buni na wanawake wenzake.

"Cheka kidogo, mama. Mgeni anapenda tabasamu lako."

"Nimekiomba kiti cha mume wangu tangu msiba, kila siku njoo kesho. Ukicheka na nyani, mwenyekiti, utavuna mabua. Mwambie hivyo hivyo."

Mwenyekiti akamgeukia mgeni, akamwaga Kizungu. Mgeni akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa shukrani. Loo! Mama Pakiti akajua maneno yake yamegeuzwa njiani. Kumbe hata hasira yake wanaiuza!

Akampokonya mgeni pakiti. Shemeji alikuwa kivulini, shati limenyooshwa pasi, mikono mifukoni. Akamvuta mpaka mbele ya kamera, akambandika pakiti kifuani.

"Mwanachama huyu hapa! Cheka, shemeji. Umerithi kiti, rithi na kucheka."

Wanawake wachumaji wakaangua kicheko. Mgeni akatazama pakiti, akamtazama shemeji, akauliza kitu. Mwenyekiti akakohoa. Mgeni akauliza tena, safari hii akimwonyesha Mama Pakiti.

"Mjibu basi," alisema Mama Pakiti. "Au Kizungu kimekuishia?"

Mwenyekiti akamsogelea, jasho linamtiririka. "Mama, tusiaibishane mbele ya watu. Kiti utapata. Cheka kwanza."

"Ng'o! Kiti kwanza."

Akawapa mgongo, akarudi kuchambua buni. Mwenzake wa kulia akageuka naye, kisha wa kushoto, mpaka meza nzima ikawa migongo mitupu. Mwenyekiti akapiga makofi, akabembeleza, akafoka. Hakuna aliyegeuka.

Mgeni akainua kamera, akapiga hivyo hivyo. Aliyetazama mbele alikuwa shemeji peke yake, kaukumbatia uso usio wake.